Mabakuli Matupu, Miche Mikavu: Kutafuta Chanzo Kazi ya Wachavushaji na Urejeshaji wa Uoto Inapokwama Dodoma

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mazingira aliyeko uwandani sasa hivi, iwe Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni ya jirani mkoani Singida au pembezoni mwa jiji kule Iyumbu na Nala, na kazi ya kupima wachavushaji, yaani nyuki na viumbe wengine wanaohamisha chavua kati ya maua, au ya kurejesha uoto imemgomea. Mitego, yaani mabakuli ya rangi yenye maji ya sabuni ya kunasia wadudu, haikamati kitu. Miche imekauka. Mizinga imetundikwa na nyuki hawaingii. Msimamizi anataka takwimu, tarehe ya kukabidhi ripoti inasogea, na fedha ya kujikimu inaisha.

Kabla hujagusa chochote, andika unachokiona. "Nyuki hawapo" ni hitimisho, bado hujafika huko. Dalili inaandikwa hivi: mabakuli kumi na tano, saa 24, nzi wanne, nyuki hakuna, upepo mkali tangu saa nne asubuhi, ndani ya hatua hamsini hakuna mmea wenye ua. Ukiandika namna hiyo, mara nyingi chanzo kinajitokeza chenyewe kwenye daftari. Halafu badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha rangi, mahali na saa kwa pamoja, kisha mtego ukaanza kukamata, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Mabakuli ya rangi hayakamati kitu

Anza na kalenda, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za kwetu zinapofia. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, unaisha Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Vyuo vyetu hupeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo kati ya Julai na Septemba. Maana yake tunakwenda kutafuta nyuki wakati mimea mingi ya chini imekauka na kubaki mbegu, na nyuki wengi wa porini, wale wanaoishi mmojammoja bila mzinga, wamo ardhini wakiwa mabuu wakisubiri mvua. Bakuli tupu la mwezi wa nane halithibitishi kwamba eneo limeharibika. Linathibitisha kwamba ni mwezi wa nane.

Kipimo chake ni rahisi. Zunguka eneo lako asubuhi na uorodheshe kila mmea wenye ua lililofunguka. Kama maua hakuna na nyuki hakuna, tatizo ni msimu. Kama maua yapo na nyuki unawaona kwa macho wakiyatembelea, lakini mabakuli ni matupu, tatizo ni mtego.

Likiwa la msimu, usiongeze mabakuli. Rekebisha swali. Kiangazi kina maua yake, ni machache lakini yana mengi ya kusema. Kikwata huchanua kiangazi kikielekea ukingoni, kabla hata majani hayajatoka. Shubiri za porini hutoa maua katikati ya ukame na kuita chozi, ndege wadogo wanaofyonza mbochi, yaani maji matamu ya ua. Upande wa Manyoni na Itigi, miyombo huchanua kuanzia Septemba hadi Novemba, na wafugaji nyuki wa huko wanaujua msimu huo kuliko sisi. Mibuyu, ambayo ndiyo sura ya Dodoma, hufungua maua kuelekea mvua za kwanza. Ua la mbuyu hufunguka jioni, hukaa usiku mmoja, kesho yake linaanguka. Wageni wake wakuu ni popo na nondo, kwa hiyo bakuli linaloanikwa mchana chini ya mbuyu halitakupa jibu hata ukiliacha wiki nzima. Hapo unahitaji kukaa usiku, wawili au watatu, na tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu. Utafiti wa mti mmoja unaochanua kiangazi, ukifanywa vizuri, unatosha kabisa kwa shahada ya kwanza.

Likiwa la mtego, inamia bakuli mwenyewe na uangalie. Maji yamebaki kiasi gani? Kwa jua na upepo wa kwetu bakuli dogo hukauka kabla ya jioni, na mdudu aliyezama asubuhi anakuwa amepeperushwa au amebebwa na sisimizi. Tumia bakuli lenye kina, lijaze robo tatu, litege alfajiri na ulikusanye jioni ileile, kisha uandike saa zilizotumika. Tazama pia juu ya maji. Ukiona utando wa vumbi jekundu, rangi ya bakuli imefunikwa na mdudu haioni tena. Sabuni ya maji iwe matone machache na isiyo na harufu kali. Kazi yake ni kumfanya mdudu azame badala ya kuelea na kuruka, povu halihitajiki. Upepo ukipindua mabakuli, yazamishe kidogo ardhini au yashike kwa waya kwenye kijiti. Ukikuta maji yameisha na nyayo ndogo zenye kwato mbili zimezunguka, ni mbuzi wamekunywa, na dawa yake ni kuongea na vijana wanaochunga.

Rangi nayo inakosewa. Tunatumia njano, bluu na nyeupe kwa kuwa makundi tofauti ya wadudu huvutwa na rangi tofauti. Nyuki huona miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni, kwa hiyo mabakuli mawili yanayofanana machoni petu yanaweza kutofautiana sana machoni pake. Ukipaka mwenyewe, paka yote kwa kopo moja la rangi, na yaliyopauka kwa jua yabadilishe yote kwa mkupuo. Yaweke kwenye usawa wa maua yaliyopo. Bakuli lililozama ndani ya majani marefu ya Februari ni sawa na halipo.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata waliozoea. Maua yanapokuwa mengi, mabakuli hukamata wachache, maana nyuki wana chakula halisi cha kwendea. Na siku zote mabakuli huwapunja nyuki wa asali na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Usilinganishe Februari na Julai kwa mabakuli peke yake. Ongeza wavu na matembezi ya transekti, yaani kutembea kwenye mstari uliopimwa ukihesabu wadudu walioko kwenye maua.

Kwenye transekti unaona nyuki wa asali tu

Angalia saa uliyotembea. Mchana wa Dodoma ukishapita nyuzi 30, nyuki wengi wadogo hujificha, na wa asali nao huanza kubeba maji ya kupoza mzinga. Tembea kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne asubuhi, kisha saa kumi hadi saa kumi na mbili kasorobo jioni. Kama kikundi chenu hufika eneo la kazi saa tano kwa sababu ya usafiri, hilo lenyewe ndilo chanzo. Afadhali mkaombe pa kulala kijijini.

Angalia na kivuli chako. Ukitembea jua likiwa mgongoni, kivuli chako kinakutangulia kufika kwenye ua na mdudu anaondoka kabla hujamwona. Punguza mwendo, simama mbele ya kila kichaka chenye maua.

Mengine ni jicho. Nyuki wadogo wasiouma, wale ambao asali yao watu huithamini kama dawa, ni wadogo kiasi cha kudhaniwa ni sisimizi wenye mabawa. Nzi wa maua nao huvaa mistari ya njano na nyeusi na kuandikwa nyuki kwenye fomu. Mtazame kwa karibu: nzi ana mabawa mawili, vipapasio vifupi mno na macho yaliyochukua karibu kichwa chote. Nyuki ana mabawa manne na vipapasio virefu vyenye pingili. Nzi wa maua ni mchavushaji halali, muandike kwenye safu yake.

Mwisho, uliza kama kuna mizinga jirani. Mtu mwenye mizinga ishirini nyuma ya kilima anaweza kuwa ndiye sababu ya takwimu zako zote.

Sampuli zimeharibika

Nyuki waliotoka kwenye maji ya sabuni hushikamana manyoya na kuonekana kama mbegu nyeusi, na bila manyoya huwezi kutambua jenasi. Waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, wasuuze, wapitishe kwenye spiriti, kisha wakaushe kwa mashine ya kukaushia nywele ya moto mdogo huku ukiwatikisa ndani ya chupa iliyofungwa kwa neti. Utaona manyoya yanasimama tena. Vipepeo usiwaweke kwenye maji kamwe, wakunjie karatasi ya pembetatu. Meza ya kukaushia isimame ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo, la sivyo sisimizi watakuachia pini na lebo. Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti, na mdudu asiye na mahali wala tarehe hana kazi tena.

Mbegu hazioti kitaluni

Kabla ya kulaumu udongo, pasua mbegu kumi. Ukikuta vitundu vya mviringo, kama vimetobolewa kwa sindano nene, bungua ameshamaliza kazi. Mbegu za migunga hushambuliwa zikiwa bado kwenye maganda mtini, kwa hiyo ukichelewa kuokota chini umeokota maganda matupu. Okota mapema, chambua, zilowanishe na utupe zinazoelea.

Zikiwa nzima na hazioti, ganda ni gumu. Mgunga, mkwaju na mbuyu zinahitaji kufunguliwa mlango: chemsha maji, epua, mimina mbegu, ziache mpaka kesho yake. Zilizovimba panda. Ambazo hazikuvimba, zikwangue kidogo kwa msasa upande ulio mbali na kiini, urudie kuloweka. Wachungaji watakuambia kwamba mbegu za mgunga zilizopita tumboni mwa mbuzi huota vizuri. Ni kweli, na zizi la mbuzi ni mahali pazuri pa kutafuta mbegu.

Miche imekauka

Kung'oa mche uliokufa ni kipimo bora kuliko mashine yoyote. Ung'oe taratibu na udongo wake, uutazame kuanzia mizizi kwenda juu.

Mizizi imejiviringisha kama springi ya kitanda? Mche ulikaa kwenye kiriba muda mrefu kuliko uwezo wake. Hata ukipandwa na mvua nzuri, mizizi huendelea kuzunguka palepale na haishuki kutafuta unyevu. Wakati wa kupanda, chana kiriba chote, kata mizizi iliyozunguka chini, na miche iliyozeeka kitaluni iache. Najua inauma kuacha miche mliyoimwagilia kwa ndoo, lakini kuipanda ni kuihamishia kifo porini.

Mizizi ni mizuri, ila gome la shingoni limeliwa na kufunikwa udongo laini? Mchwa. Hawa hupenda kitu kikavu, na matandazo uliyoyasogeza hadi kwenye shina umewatengenezea barabara. Acha nafasi ya kiganja kimoja kuzunguka shina.

Kilele kimekwanyuliwa na kuacha nyuzi? Mbuzi. Kimekatwa mshazari safi kama kwa wembe? Sungura au panya.

Kingo za majani zimeungua na udongo una unga mweupe juu? Chumvi. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na ukimwagilia kidogokidogo kila siku chumvi inabaki juu na kuongezeka. Onja maji ya kisima kabla ya kuyategemea. Bora kumwagilia kwa nadra na kwa wingi.

Mizizi ni myeusi na inanuka? Umepanda kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, na shimo lako limegeuka beseni. Huko panda juu ya tuta.

Na kama kila kitu ni kizima lakini mche umekauka tu, rudi kwenye tarehe. Katikati ya masika mvua hukatika, mara nyingi kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, wiki mbili au zaidi. Mche uliopandwa mvua za kwanza zikishika una mizizi ya kuvumilia. Uliopandwa Februari kwa sababu mgeni rasmi alipatikana Februari hauna. Wanafunzi mna sauti kwenye kamati zinazopanga siku ya kupanda, isemeni mapema.

Udongo mwekundu uliopigwa na kwato kwa miaka mingi hutengeneza gamba, na mvua kubwa ya dakika arobaini hupita juu yake kwenda korongoni. Mimina lita moja ya maji ardhini utazame: yakikimbia badala ya kuzama, kuchimba mashimo ya miche pekee hakutasaidia. Chimba kwanza makinga maji ya nusu mwezi, mdomo ukiangalia juu ya mteremko, kama yalivyochimbwa Pembamoto wilayani Kongwa. Mwaka wa kwanza utapata nyasi na magugu yenye maua. Usiyapalilie, nitaeleza kwa nini.

Miti imeshika, wachavushaji hawajarudi

Hili ndilo tatizo ninalotaka mwanafunzi alisome mara mbili, kwa sababu ripoti nyingi huishia kwenye idadi ya miti iliyo hai na kutangaza ushindi. Mti uliosimama ni kivuli. Mchavushaji anahitaji chakula kwa miezi yote anayoruka, mahali pa kuzaa, na vyote viwili viwe ndani ya umbali anaoweza kuruka.

Chora jedwali la miezi 12. Kila mmea ulioko eneo lako weka alama kwenye miezi unayochanua. Kama hukuwepo mwaka mzima, waulize kina mama wanaochuma mboga na wazee wenye mizinga, watakujazia bila kusita. Ukimaliza utaona mapengo, na mara nyingi pengo kubwa liko kati ya Juni na Agosti. Hapo ndipo pa kuchagua mimea ya kuongeza. Maeneo mengi ya mjini yamepandwa mijohoro, milusina na miarobaini. Ua la mjohoro lina njano ya kupendeza lakini halina mbochi, na chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani. Nyuki mkubwa mweusi hulishika na kutetemesha misuli mpaka chavua ichupe nje. Nyuki wa asali hajui ufundi huo. Kwa hiyo uwanja wenye mijohoro mia moja iliyochanua unaweza kuwa na njaa.

Linganisha na mkulagembe, Dichrostachys cinerea, ambao watu huufyeka kwa kuwa una miiba na unavamia malisho. Ukininginia tawini, kishada chake ni cha rangi ya waridi juu na njano chini, na asubuhi ya masika utakuta juu yake nyuki wa aina kadhaa kwa mara moja. Siwaambii mpande mkulagembe kila mahali. Nawaambia msiufyeke wote. Vivyo hivyo mkole, mlama, mgagani, marejea na kishona nguo. Mimea hii mifupi ndiyo inayolisha nyuki wadogo wakati miti yenu bado ina urefu wa magoti, na ndiyo inayopaliliwa kila mgeni anapotarajiwa ili eneo lionekane safi.

Kisha makazi. Takriban asilimia 70 ya aina za nyuki duniani huchimba viota ardhini. Tafuta vitundu vya upana wa penseli kwenye ardhi iliyo wazi yenye jua, kingo za makorongo, hata njia ya miguu iliyoshindiliwa. Pembeni utaona kijilima kidogo cha udongo mpya. Kaa dakika kumi ukitazame, mwenyewe ataingia na miguu ya nyuma imejaa chavua. Mradi uliofunika kila sentimita kwa matandazo au nyasi nzito umewafungia hawa nje. Acha vipande vya ardhi tupu vinavyoelekea jua la asubuhi. Wengine huzaa ndani ya mbao kavu na mashina yenye uwazi. Eneo ambalo kuni zote zimeokotwa halina nyumba zao, na hapo unaweza kufunga matita ya mabua ya mtama au alizeti na kuyaning'iniza juu ya usawa wa mchwa.

Kwenye mashamba ya kisiki hai, yaani pale visiki vilivyo hai vinapoachwa vichipue na kupunguziwa machipukizi, angalia ukali wa panga. Kuacha machipukizi matatu hadi matano na kupogoa matawi ya chini kunakuza mti haraka. Kukata kila kitu kila mwaka kwa ajili ya kuni hakulipi tawi nafasi ya kuchanua. Na kisiki hai kina faida ambayo kitalu hakina: mizizi tayari iko chini, na mti wenyewe ni wa hapohapo. Kondoa ilionyesha jambo hili zamani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo iliondolewa kwenye milima ya Irangi iliyokuwa imemomonyoka. Uoto mwingi uliorudi uliota wenyewe kutoka kwenye mbegu na mizizi iliyokuwa ardhini. Gharama kwa wafugaji ilikuwa kubwa, na hilo liandikwe pia tunapousifia.

Mizinga ni mitupu, au nyuki wamekufa mlangoni

Mzinga ambao haujawahi kuingiwa: umetundikwa lini? Makundi huhama kufuata maua, kwa hiyo mzinga uwe tayari kabla maua hayajaanza. Paka nta ndani, ondoa buibui na mijusi, paka grisi waya, tafuta kivuli na maji ya karibu.

Mzinga uliokuwa na nyuki ukaachwa una alama zake. Hakuna mizoga, hakuna asali, hakuna majana (watoto wa nyuki): wamehama, jambo la kawaida kwa nyuki wetu kiangazi kikikaza. Mizoga imeingiza vichwa ndani ya vijumba vya masega makavu: njaa. Utando kama wa buibui na vijinjia kwenye masega: nondo wa nta, ambao kwa kawaida huja baada ya kundi kudhoofika, kwa hiyo tafuta kilichowatangulia. Mzinga umeangushwa na kuraruliwa: nyegere.

Mizoga mingi kwa ghafla mbele ya mlango, ndimi zimetoka nje, waliobaki wanatetemeka na kuzunguka: hapo shuku sumu. Uliza kwa upole nani amepuliza dawa siku mbili zilizopita kwenye alizeti, zabibu au nyanya. Kusanya mizoga kwenye chombo safi, andika tarehe na mahali, igandishe haraka iwezekanavyo, umjulishe afisa nyuki wa wilaya. Masuala ya viuatilifu yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Usiende kwa mkulima na shutuma. Wengi wanapuliza asubuhi ya maua kwa kuwa hawajaambiwa, na wakihamishia jioni nyuki wakisharudi, madhara hupungua sana.

Usifungue mzinga peke yako, usifungue mchana wa joto, usifungue bila mavazi kamili na bomba la moshi. Nyuki wa kwetu huchokozeka haraka na hufukuza mbali. Mwenye mzio wa kuumwa na nyuki apewe kazi nyingine.

Jaribio la mifuko halieleweki

Umefunika maua mengine kwa mifuko ili wachavushaji wasiyafikie, mengine umeyaacha wazi, na matokeo yamefanana. Kwanza angalia kitambaa. Chandarua kina matundu yanayopitisha vidudu vidogo kabisa. Tumia shashi laini kama ya shela. Angalia sisimizi ndani ya mfuko. Angalia kama mfuko unagusa ua, maana upepo wa Dodoma ukiusugua unahamisha chavua wenyewe.

Kama matunda hayashiki popote, hata pale ulipopaka chavua kwa brashi, mmea unakosa maji au rutuba na wachavushaji hawana kosa. Kama yaliyopakwa kwa brashi yameshika vizuri kuliko yaliyoachwa wazi, hapo ndipo una ushahidi wa upungufu wa uchavushaji. Bila hilo kundi la brashi huwezi kutenganisha, kwa hiyo usiliache hata kama linachosha. Kwenye alizeti, mapepe, yaani mbegu tupu, yaliyokusanyika katikati ya kichwa mara nyingi ni ukame wakati wa kujaza. Mapepe yaliyotawanyika huku na kule yanastahili kushukiwa uchavushaji.

Mifugo imeingia, au kijiji kimesita

Barua ya chuo kwa mtendaji wa kijiji inafungua ofisi. Porini anayefungua ni mzee mwenye ng'ombe. Mwamkie, kaa, mweleze ni miezi mingapi na ni sehemu ipi, na umuulize njia ya mifugo inapita wapi kabla hujachagua eneo. Mifugo ikiingia baada ya hapo, mara nyingi umefunga njia ya kwenda majini bila kujua. Sogeza eneo, acha njia.

Takwimu hazionyeshi tofauti kati ya eneo lililorejeshwa na lililoachwa

Pima umbali kwanza. Nyuki wa asali huruka kilomita kadhaa, wadogo huishia mita mia chache. Maeneo mawili yaliyotenganishwa na barabara ya vumbi yanashiriki nyuki walewale, na kufanana kwao hakukuambii lolote kuhusu urejeshaji. Kisha tazama siku: kama eneo moja lilipimwa Jumatatu tulivu na jingine Alhamisi ya upepo, umepima upepo. Pima yote mawili asubuhi moja kwa makundi mawili, kesho yake mbadilishane. Mwisho hesabu maeneo yenyewe. Mabakuli 30 ndani ya shamba moja ni eneo moja, si marudio 30.

Ukiwa huna muda wa kuongeza maeneo, tenganisha takwimu ulizonazo: ondoa nyuki wa asali kwenye hesabu, linganisha wanaochimba ardhi peke yao, wanaoishi kwenye mbao peke yao, na nzi peke yao. Tofauti iliyofichwa na jumla mara nyingi iko kwenye kundi mojawapo. Isipokuwepo hata hapo, andika kwamba haikuonekana, taja mwezi, taja maua yaliyokuwepo, na umwachie mwenzako wa mwaka ujao jedwali lako la miezi 12 likiwa na mapengo yake wazi, ili aanze na Februari.